Bluzi Isiyohesabiwa: Ornette Coleman na Wenzake Watatu

Tarehe 8 na 9 Oktoba 1959, wanamuziki wanne waliingia katika studio moja ya Hollywood, California, wakarekodi nyimbo ambazo saba kati yake zilitolewa mwaka uliofuata na kampuni ya Atlantic katika santuri iliyopewa jina la Change of the Century, yaani Mageuzi ya Karne. Kiongozi wao, Ornette Coleman, alikuwa na umri wa miaka 29 na saksafoni nyeupe ya plastiki. Wenzake watatu wote walikuwa na miaka 22: Don Cherry na tarumbeta yake ndogo iliyotengenezwa Pakistan, Charlie Haden na besi lake kubwa la kusimama, na Billy Higgins kwenye ngoma. Mpiga piano hakuwapo.

Jina la santuri lilikuwa la majivuno, na wauzaji walilipenda. Tangu siku hizo hadi leo muziki wa watu hawa wanne umeelezwa kuwa ni uasi: walikuja, wakavunja sheria za jazi, wakaondoka na kilichobaki kikaitwa jazi huru. Maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini atakayeiweka santuri hii na kuusikiliza wimbo wake wa kwanza, Ramblin', atakutana na kitu kikongwe kuliko sheria zinazodaiwa kuvunjwa. Atakutana na bluzi, tena bluzi ya aina iliyokuwapo kabla haijatiwa kwenye mizani.

Msomaji aliyezowea mashairi hatapata taabu kuielewa sheria ya bluzi. Ubeti wake una mishororo mitatu. Wa kwanza unatamka shida; wa pili unaurudia wa kwanza, aghalabu kwa maneno yaleyale; wa tatu unajibu, na ndio unaofunga kina. Kila mshororo umepewa vipimo vinne vya muziki, na kila kipimo mapigo manne, hivyo ubeti mzima una vipimo 12. Mwimbaji havijazi vipimo vyake vyote. Huimba nusu ya kwanza ya mshororo, akanyamaza, na gitaa lake likamjibu katika nusu iliyobaki. Chini ya mazungumzo hayo sauti tatu za msingi hupishana kwa zamu inayojulikana, na kila mpigaji wa jazi aliyelelewa katika fani anaijua zamu hiyo kama mtoto wa chuoni anavyozijua alifu na bee.

Sheria hiyo ina historia yake, na historia yenyewe si ndefu. W. C. Handy, mtunzi mzaliwa wa Alabama ambaye Wamarekani wamempa heshima ya kumwita baba wa bluzi, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mnamo 1903, akiwa anasubiri treni katika kituo cha Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu aliyevaa matambara akipiga gitaa kwa kuzikandamiza nyuzi kwa kisu. Mtu yule aliimba mshororo mmoja na kuurudia mara tatu. Hakukuwa na mshororo wa jibu. Handy alikuwa kiongozi wa bendi, mtu wa kuandika nota. Alichokisikia alikipanga, akakichapisha, na ilipofika 1914 alikuwa ametoa St. Louis Blues, wimbo uliozunguka dunia. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi Crazy Blues, na biashara ya santuri ikagundua kwamba Wamarekani weusi nao ni wanunuzi. Bendi ya watu wengi haiwezi kwenda pamoja bila ya hesabu, na upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika tatu tu. Vipimo 12 vikawa sheria kwa sababu vilifaa karatasi, bendi na santuri.

Kule mashambani hali ilikuwa nyengine. Mtu aliyekaa peke yake na gitaa hakuwa na wa kumngoja. Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas aliyeimba katika mitaa ya Dallas na kurekodi katika miaka ya 1920, aliurefusha mshororo pale gitaa lake lilipokuwa bado lina la kusema, na akaufupisha pumzi ilipomwishia. Lightnin' Hopkins, Mtexas mwengine, alifanya hivyo hivyo katika umri wake wote, na wapigaji waliowekwa nyuma yake studio walilazimika kuyafuata macho na mikono yake, maana kuhesabu hakukuwafaa. Hakuna aliyesema kwamba Hopkins hajui bluzi.

Sisi wa mwambao tuna kesi yetu inayofanana na hii, ingawa si ileile. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alizikusanya kanuni ambazo washairi walikuwa wakizifuata, na kitabu kikawa mwalimu wa wengi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tungo zake zisizo na vina wala mizani ziliitiwa mashahidi na hukumu. Baadaye Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya 1988, alionyesha wingi wa bahari za tungo za Waswahili, baadhi yake zikiwa mbali sana na shairi la mishororo minne na mizani 16. Kezilahabi hakuwa Lightnin' Hopkins, kwa hivyo mlinganisho huu usivutwe mbali. Naukumbusha kwa ajili ya jambo moja: kanuni iliyoandikwa huwa na umri, na mara nyingi umri huo ni mdogo kuliko wa kitu inachokitawala.

Fort Worth, alikozaliwa Ornette Coleman tarehe 9 Machi 1930, ni mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Dallas ya Blind Lemon. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka saba. Mama yake alikuwa mshoni, na saksafoni ya kwanza mtoto aliipata alipokuwa na miaka 14 hivi. Alijifunza mwenyewe, na kwa kuwa alijifunza mwenyewe alizikosea hata herufi za nota, akaijenga elimu yake juu ya kosa ambalo mwalimu yeyote angelisahihisha kwa siku moja. Katika bendi ya shule alifukuzwa kwa kubuni lahani yake katikati ya gwaride la John Philip Sousa. Usiku alipiga katika vilabu vya ulevi na kamari, na kilichotakiwa huko kilikuwa bluzi ya kuchezea, yenye mdundo mzito na saksafoni ya kulia. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya mshahara. Wale waliosema baadaye kwamba hajui msingi walikuwa wanamzungumzia mtu aliyelisha nyumba kwa msingi huo kabla hajafikisha miaka 20.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alisafiri na vikundi vya maonyesho na bendi za bluzi katika majimbo ya kusini. Huko Baton Rouge, Louisiana, baada ya dansi, kundi la watu lilimtoa nje, likampiga na kuiharibu saksafoni yake. Ilikuwa saksafoni ya sauti nene. Aliporudi kwenye muziki alishika ile ndogo zaidi, yenye sauti ya juu, na hiyo ndiyo dunia ilimjua nayo. Alifika Los Angeles na bendi ya mpiga gitaa Pee Wee Crayton, na inasimuliwa kwamba Crayton alifikia kumlipa ili asipige. Akafanya kazi ya kuendesha lifti katika duka kubwa, akisoma vitabu vya nadharia ya muziki kati ya ghorofa na ghorofa. Saksafoni ya plastiki, iliyotengenezwa Uingereza, aliinunua mwaka 1954 kwa sababu ya shaba hakuwa na uwezo nayo. Watu waliicheka. Yeye alikuja kuipenda, kwa kuwa aliona pumzi inatoka humo kavu na wazi, bila ya mwangwi wa chuma.

Sasa tuiangalie piano, kwa sababu kukosekana kwake ni nusu ya khabari. Santuri ya kwanza ya Coleman, iliyorekodiwa 1958, ilikuwa na mpiga piano, na ukiisikiliza utahisi mtu anavutwa nguo. Piano hufanya mambo mawili. Kwanza, hupiga sauti kadhaa kwa pamoja na hivyo humwambia mwimbaji wapi alipo na wapi anatakiwa awe kipimo kijacho. Pili, sauti zake zimegandishwa: baina ya kibao na kibao hakuna kitu. Lakini sauti inayoifanya bluzi iwe bluzi inakaa hapo hapo, baina ya kibao na kibao. Mwimbaji wa bluzi anapoifikia sauti ya tatu au ya saba ya ngazi huishusha kidogo, isifike chini wala isibaki juu, na katika kuning'inia huko ndimo mnamokuwa na maumivu. Mpiga piano wa bluzi hulazimika kuvibana vibao viwili pamoja ili kuikaribia.

Msikilizaji wa taarabu hahitaji kuelezwa zaidi. Masikio yaliyokulia kwenye udi, fidla na kanuni yanajua kwamba makamu nyingi zina sauti ambazo piano haina mahali pa kuziweka, na kwamba nusu ya utamu wa mpiga fidla iko katika namna anavyoifikia sauti, kwa kuiteleza na kuichelewa. Asili za muziki huu na ule ni mbalimbali, na simaanishi kwamba umetokana mmoja na mwengine. Ila sikio lililozowea moja linaingia katika nyengine kwa urahisi, na pengine msikilizaji wa Ng'ambo au Kibokoni yu karibu zaidi na Coleman kuliko alivyokuwa mhakiki wa New York aliyemsikiliza akiwa na piano kichwani. Coleman alikuwa akisema kwamba sauti ileile haiwezi kuwa moja katika wimbo wa huzuni na katika wimbo wa amani. Lazima ipande au ishuke kidogo ifuate maana. Wahakiki waliita hilo kupiga nje ya sauti.

Ramblin' ni wimbo wa dakika sita na nusu hivi, na katika maelezo aliyoyatoa pamoja na santuri Coleman mwenyewe aliueleza kuwa kwa asili ni bluzi, ila lahani yake imejitegemea zaidi kuliko za zamani. Unaanza kwa saksafoni na tarumbeta kutamka fungu fupi kwa pamoja, kwa haraka, kama watu wawili wanaosema jambo moja kwa mdomo mmoja. Kisha wananyamaza. Besi na ngoma zinaendelea peke yake, na Haden hapigi sauti mojamoja kama ilivyo desturi ya besi. Anazikung'uta nyuzi mbili kwa pamoja, kama mtu wa shamba anavyolikung'uta gitaa barazani. Halafu ala za pumzi zinarudi na fungu jengine, na besi linajibu tena. Huyu ni mwimbaji na gitaa lake. Coleman ameyachukua mazungumzo ya Blind Lemon na gitaa, akayagawa kwa watu wanne.

Anapoanza kupiga pekee, msikilizaji anayehesabu vipimo 12 atajikuta amepotea mara moja, na ni vyema apotee. Zamu za bluzi zimo. Unasikia pale mshororo unapogeuka na pale jibu linapokuja. Kilichoondolewa ni ahadi ya lini. Coleman akiwa bado ana neno, mshororo unangoja, na Haden anamfuata kwa sikio, bila ya kumwongoza wala kuachwa nyuma. Higgins anatabasamu, na kwa kweli sijui namna nyengine ya kuueleza upigaji wake. Hata kwenye santuri tabasamu linasikika. Ni muziki wa safari, wa mtu anayetembea bila ya kuulizwa anakwenda wapi, na kwa Mtexas mweusi wa kizazi kile jambo hilo halikuwa dogo.

Kisha inafika zamu ya besi. Haden alizaliwa Shenandoah, Iowa, mwaka 1937, katika familia ya wazungu iliyoimba nyimbo za vijijini kwenye redio, na yeye alianza kuimba nao hajatimiza miaka miwili. Akiwa na miaka 15 alipata polio iliyomdhuru koo, uimbaji ukaisha, akageukia besi. Katikati ya bluzi ya Coleman anatia kipande cha Old Joe Clark, wimbo wa fidla wa milimani ambao jamaa zake waliujua. Hakuna anayemzuia. Katika bendi iliyofungwa na zamu za sauti kipande hicho kingekuwa mzaha au kosa. Hapa kinakaa kama mgeni aliyepewa kiti, na unaanza kufahamu kwamba vijana hawa walipoacha kuhesabu walipata nafasi ya kila mmoja kuja na kwao.

Nyimbo nyengine za santuri hiyo si sawa zote. Bird Food ni salamu kwa Charlie Parker, aliyefariki 1955, na ni nzuri. Una Muy Bonita inacheza. Free, ambayo jina lake limesaidia kuipa fani nzima jina, naiona kavu kidogo. Kasi yake inastaajabisha kuliko inavyogusa. Kwa hali ya pili ya bluzi, ile ya upweke, afadhali kurudi nyuma miezi mitano, hadi tarehe 22 Mei 1959, siku watu wale wale wanne waliporekodi Lonely Woman kwa ajili ya The Shape of Jazz to Come.

Coleman alisimulia kwamba wakati wa mapumziko ya kazi yake dukani aliingia katika nyumba ya picha akaona picha ya mwanamke tajiri wa kizungu, mwenye kila kitu, na uso wake una upweke ambao hajapata kuuona. Akaenda akatunga. Katika wimbo ule ngoma zinakimbia, besi linakwenda polepole na zito, na lahani inapita juu ya vyote viwili bila ya kufungwa na mwendo wa hiki wala kile. Hakuna vipimo 12 hapo, wala mishororo mitatu, wala zamu za sauti. Imebaki sauti iliyoshushwa kidogo, na kilio. Katika msiba dunia huendelea kukimbia nje ya dirisha, na aliyefiwa amekaa. Wimbo huu una mwendo huo huo.

Tarehe 17 Novemba 1959 wakaanza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili. Wakabaki zaidi ya miezi miwili. Mji mzima wa wanamuziki ulikuja kutazama. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra kubwa ya mji huo, aliwasifu. John Lewis wa Modern Jazz Quartet alikuwa tayari amewapigia debe. Lakini mabingwa kadhaa walikaa wakasikiliza na wakatoka wakisema ni udanganyifu, na Miles Davis alitilia shaka hata afya ya akili ya Coleman. Ukiisoma leo mizozo ile utaona kwamba lawama moja ilirudiwa kila pahala: hajui. Ameacha sheria kwa sababu hazijui. Mtu aliyepigwa Baton Rouge akitoka kuwachezesha watu bluzi aliambiwa na mji mkuu wa jazi kwamba bluzi haijui.

Jibu lake lilikuwa santuri nyengine, iliyorekodiwa Julai na Agosti 1960 na kutolewa mwaka uliofuata: This Is Our Music, Huu Ndio Muziki Wetu. Higgins alikuwa amenyimwa kibali cha polisi ambacho kila mpigaji wa vilabu vya New York alitakiwa awe nacho, na mahali pake alikuja Ed Blackwell wa New Orleans, ambaye ngoma zake zinazungumza kwa mdundo wa magwaride na mazishi ya mji wake. Jaladani wanaume wanne wamesimama katika suti zao wakikutazama, watatu weusi na mmoja mweupe, na hakuna anayecheka. Wimbo wa kwanza unaitwa Blues Connotation. Ni bluzi ya furaha, ya mtu aliyeamka na nguvu, na unakukumbusha kwamba bluzi haikuwa ya huzuni peke yake. Watu walilipa viingilio vya vilabuni ili wakachezee. Baadaye katika santuri hiyo inakuja Beauty Is a Rare Thing, ambayo haina mdundo wa kushika wala zamu ya kungojea, na ninaamini ndicho kitu kizuri kuliko vyote walivyovirekodi.

(Miezi michache baadaye, Novemba 1960, katika mji huo huo wa New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na maneno ya mshairi Langston Hughes yalisomwa humo kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Mwaka ule neno "wetu" lilikuwa na uzito mahali pengi.)

Sifa hazikuleta fedha za kutosha. Coleman aliona kwamba klabu inajaa naye analipwa kidogo, akapandisha bei yake, kazi zikapungua, na baada ya onyesho alilojigharimia mwenyewe katika ukumbi wa Town Hall mwezi Desemba 1962 alikaa kando hadi 1965. Wenzake walitawanyika na kukutana tena mara kwa mara. Blackwell alifariki 1992, Cherry 1995, Higgins 2001, Haden 2014, na Coleman mwenyewe tarehe 11 Juni 2015.

Mwezi Oktoba 2005, akiwa na miaka 75, alipiga mjini Ludwigshafen, Ujerumani, pamoja na mabesi mawili, moja la kudonolewa na moja la upinde, na mwanawe Denardo kwenye ngoma. Onyesho hilo likatolewa kwa jina la Sound Grammar, na mwaka 2007 likampatia tuzo ya Pulitzer ya muziki. Katikati yake umo wimbo alioutoa mara ya kwanza mwaka 1959, kabla ya New York na kabla ya mizozo. Unaitwa Turnaround. Ni bluzi, na lahani yake ina vipimo 12 kamili.